Mume anataka kuchoma, mama mkwe anataka mbegu

Bwana Shamba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi pembezoni mwa jiji la Dodoma. Nimezaliwa na kukulia Muheza, mkoa wa Tanga, na nakueleza hilo kwa sababu nahisi ndiko taabu yangu ilikoanzia. Kwetu mvua ya masika ikikata unapumzika kidogo tu, mara vuli hiyo, unarudi na jembe lako. Huku nilikoolewa mvua ilikata katikati ya Aprili, na kila ninayemuuliza itarudi lini ananiambia nihesabu hadi Desemba.

Nyuma ya nyumba nilitengeneza matuta manane, kila moja mita moja kwa mita nne. Mawili nyanya, mawili mchicha, moja bamia, moja kunde, moja sukuma wiki, moja matembele. Maboga yametambaa kwenye uzio. Tangu Januari sokoni nilikuwa nafuata vitunguu tu, na majirani walikuwa wanakuja na visahani vyao jioni.

Sasa ni mwisho wa Mei na bustani imechoka. Majani ya nyanya yana mabaka meupe kama karatasi, ukiliinua jani juani unaona kidudu ndani yake. Matunda yana vitundu karibu na kikonyo. Jirani anasema huyo ni kanitangaze. Bamia zimedumaa, na nilipong'oa moja nikakuta mizizi ina vinundu kama shanga. Nikaingiwa na hofu, nikang'oa na kunde moja nitazame: nayo vinundu! Nilikuwa nimeshang'oa na kutupa nusu ya tuta mama mkwe aliponikuta. Alinifokea mbele ya watoto, Bwana Shamba. Mchicha wote umetoa maua, hata ule usiofika magotini. Sukuma wiki imejaa wadudu mafuta wa kijivu chini ya majani.

Maji tunayapata kwa mgawo, mara mbili kwa wiki, na tanki letu ni la lita 1,000. Tukijibana, nyumba inatumia ndoo kubwa 12 kwa siku. Mume wangu amechoka kuniona na ndoo. Anasema bustani imekufa, tung'oe kila kitu Jumamosi moja, tuchome, tuanze upya mvua zikija. Mama yake, aliyekuja kutoka Kongwa tangu Pasaka, hataki kitu kiguswe. Anasema hapo ndipo mbegu ya mwakani ilipo. Ameshafunga vitambaa vyekundu kwenye mashina matano ya mchicha, yale yaliyotangulia kutoa maua, na kila siku ananiomba chupa tupu. Jirani naye anatuomba afungulie mbuzi wake waingie.

Nimsikilize nani? Na kuna namna yoyote ya kula mboga zangu mwenyewe mpaka Desemba?

Mama wa Matuta Nane, Dodoma

*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi nahesabu ndoo. Tuanzie huko.

Tanki la lita 1,000 likijaa mara mbili ni lita 2,000 kwa wiki. Nyumba inakunywa ndoo 12, yaani lita 240 kwa siku; kwa wiki ni 1,680. Zinabaki lita 320. Zigawe kwa siku saba, unapata 45 na ushee: ndoo mbili kwa siku, basi. Upande wa bustani, kwa jua na upepo wa Dodoma, mboga ya majani iliyojaa kwenye tuta inataka kama lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta lako lina mita za mraba nne, kwa hiyo linataka ndoo moja. Matuta manane, ndoo nane. Wewe unazo mbili. Hizo sita za ziada ndizo baba watoto anazoziona zikitoka kwenye tanki kila jioni, na ukiwa mkweli utakubali kwamba ndizo zinazomtafutisha kiberiti.

Kwa hiyo ndiyo, utakula mboga zako mpaka Desemba, ila kutoka matuta mawili, kwa ujanja kidogo matatu. Matano yatalala. Ulikokulia mvua huja kwa misimu miwili, masika na vuli, ndiyo maana mkono wako umezoea kuvusha kila mmea kwa ndoo ukisubiri wiki chache. Dodoma ina msimu mmoja. Hapa hakuna wiki chache. Kila tuta linafungwa kwa namna yake, na katika kuyafunga, mume wako ana haki kwenye matuta mawili, mama mkwe wako kwenye mengine, na mbuzi wa jirani nitamfikia.

Nyanya kwanza, maana haziwezi kungoja. Jirani yako amelitambua tatizo sawasawa. Kanitangaze asili yake ni Amerika Kusini, hapa nchini aligundulika mwaka 2014 hivi, na jina alilopewa na wakulima linatosha kukueleza alivyosambaa. Nondo wake hutaga kwenye majani, kiwavi anaingia ndani ya jani na kula katikati akiacha ngozi mbili za juu na chini. Ndiyo hayo mabaka kama karatasi. Akikua huingia kwenye tunda. Akishiba hushuka, wengi wao hujigeuzia kwenye udongo, na kwenye joto mzunguko wote unamalizika kwa mwezi mmoja hivi. Kila wiki unayomwagilia nyanya zile unafuga nondo. Usinunue dawa sasa. Kiwavi aliye ndani ya jani haguswi kirahisi, na dawa nyingi ameshazizoea.

Ng'oa nyanya zote, hata zile zenye matunda mawili matatu mazuri. Yachume ule leo. Lakini usizirundike zikauke kwanza ndipo mchome, kama mume wako anavyofikiria. Shina bichi haliwaki, na kwa wiki mbili za kulisubiri likauke nondo watakuwa wametoka na kuhamia kwa jirani. Zitie kwenye mifuko ya nailoni au ya salfeti isiyotoboka, pamoja na matunda yote yaliyoanguka, funga mdomo kwa kamba, weka juani wiki tatu. Humo ndani wataiva. Baada ya hapo, kama bado anataka moto wake wa Jumamosi, mpe kiberiti. Usizitie kamwe kwenye shimo la mboji. Na tazama uani kama kuna mnavu, nyanya chungu au biringanya zilizojiotea, kwa kuwa huyo mdudu anazila hizo pia. Ukiacha mnavu mmoja nyuma ya choo umemwachia chumba cha kulala.

Sasa vinundu. Hapa, mama, una deni la samahani.

Vinundu vya bamia na vinundu vya kunde havifanani hata chembe, ingawa vyote vinaitwa vinundu. Kwenye bamia, ni mzizi wenyewe uliovimba. Ndani yake kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inafyonza, mmea unadumaa hata ukiumwagilia mpaka udongo uwe uji. Kwenye kunde, kinundu kimebandikwa ubavuni mwa mzizi kama kupe kwenye sikio la mbuzi. Ukikikwangua kwa ukucha kinabanduka, mzizi unabaki mzima. Kipasue: ukikuta ndani pana rangi ya waridi au wekundu, humo wanaishi bakteria wanaoikamatia kunde naitrojeni kutoka hewani. Ni mbolea usiyoinunua. Kunde nazo hushikwa na ile minyoo, kwa hiyo fanya jaribio la ukucha kwenye mashina mawili kati ya yaliyobaki kabla ya kuamua lolote. Lakini kwa unavyoeleza, na kwa namna mama mkwe alivyofoka, naona ulitupa mimea mizima. Yeye huenda hajui neno bakteria. Anajua kwamba palipolala kunde mtama unakuja vizuri.

Bamia ng'oa zote pamoja na mizizi, mizizi uiweke kwenye ile mifuko ya nyanya. Kisha uchukue dawa ambayo sisi wa Dodoma tunayo bure na kwenu Tanga hamna: miezi sita ya ukavu. Lima tuta lile kina cha futi moja, acha mabonge makubwa yakae juani, usiyapondeponde. Baada ya wiki tatu geuza tena. Rudia mara tatu au nne mpaka Oktoba. Minyoo ile inahitaji unyevu na mizizi hai. Ukiinyima vyote viwili nyingi inakufa. Hakikisha hakuna hata gugu moja linalochipua pale, na mtu asimwage maji ya kunawia. Watu wengine watakushauri utandike nailoni angavu ili udongo uchemke. Inafanya kazi, ila Juni na Julai hapa kuna baridi na upepo, utapoteza nailoni. Ukitaka kujaribu, lowesha tuta Septemba mwishoni, tandika, bana kingo kwa udongo, acha wiki sita. Msimu ujao usirudishe hapo bamia wala nyanya.

Kunde zilizobaki waachie mwenyewe, mama mkwe. Majani machanga yachumwe sasa yakaushwe, maganda yaachwe yakaukie kwenye mmea. Zikimaliza, usizing'oe. Kata usawa wa ardhi, mizizi ibaki chini. Kuhusu kukausha, mtu wa Kongwa hafundishwi. Wagogo wamevuka viangazi kwa mlenda mkavu na majani ya kunde tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nitaongeza neno moja tu, umfikishie kwa adabu: majani yachovywe kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, yachujwe, halafu yaanikwe kivulini penye upepo, chini ya turubai au paa la banda. Jua kali linakausha haraka lakini linaunguza vitamini A, na hiyo ndiyo watoto wako wanayoihitaji miezi ya mboga chache. Upepo wa Juni utakausha hata bila jua.

Mchicha ndio mgumu zaidi, kwa kuwa hapa itabidi umpinge mama mkwe kwenye jambo ambalo nusu yake amelipatia.

Amepatia kwamba mbegu iachwe. Mbegu ya mchicha ulioota na kustahimili uwanja wako ina thamani kuliko ya pakiti. Ila vitambaa vyekundu amevifunga mahali pasipo. Mchicha uliotangulia kutoa maua ndio uliokupa majani machache kuliko wote. Ukichukua mbegu kwa huo, mwakani utapata watoto waliorithi haraka ile ile, na baada ya misimu mitatu utakuwa na mchicha unaotoa maua ukiwa na majani sita. Unachotaka ni mashina yaliyochelewa: yaliyonenepa, yenye majani mapana, yakachanua mwisho.

Usivifungue vitambaa vyake. Nakusihi. Mwombe akuchagulie mashina mengine matano, mwambie unataka yale yaliyompa majani mengi kuliko yote, myafunge kitambaa cha rangi nyingine. Jicho lake halitakosea, swali tu ndilo litakalokuwa limebadilika. Desemba mpande mistari miwili, wa vitambaa vyekundu na wa vile vingine, na mistari itamaliza ubishi bila mtu kufoka mbele ya watoto. Mashina yaliyobaki yang'oe, pamoja na mchicha pori wote wa uani, kwa sababu upepo unabeba chavua yake na utaharibu mbegu. Hayo kumi yape kikombe cha maji kila siku ya tatu mpaka mbegu zikomae, hayahitaji zaidi. Yamekomaa pale ukisugua suke kiganjani vinadondoka vipunje vyeusi vinavyong'aa. Kata masuke asubuhi, anika juu ya kitambaa siku tano, pukuchua, peta kwa ungo.

Sasa tuta la kula. Sukuma wiki usiiguse, hilo ndilo tuta lako la kwanza la kiangazi, na baridi ya Juni na Julai itaipendeza kuliko mvua ilivyoipendeza. Usingoje mbegu kwake, katika joto letu haitoi kirahisi. Ukitaka mashina mapya vunja machipukizi ya ubavuni uyachomeke ardhini yaote. Wadudu mafuta wameongezeka kwa sababu hakuna mvua ya kuwaosha. Vua majani yote ya chini yaliyozeeka, ambayo ndiyo makao yao, na yaliyobaki yapitishie maji ya sabuni ya mche kidogo, ukiyapiga kwa chini, kila baada ya siku nne kwa wiki mbili. Kabla ya kupika osha vizuri. Ukiona wadudu wadogo wekundu wenye madoa, wale wenye mgongo kama kokwa, waache, wanakula hao wadudu mafuta bure.

Ndoo ya pili iende kwenye mchicha mpya. Chukua moja ya yale matuta mawili ya mchicha, lile lisilo na mashina ya mbegu, uliue kama tuta. Maana yake ulibomoe na uligeuze beseni. Wakati wa mvua tuta lililoinuka linaokoa mizizi isizame, lakini kiangazi linamwaga maji pembeni na upepo unalikausha kutoka pande tatu. Chimba eneo liwe chini ya usawa wa uwanja kwa shubiri moja, kingo uziinue, changanya debe tatu za samadi iliyooza, sawazisha, sia. Maji yote yatatua pale pale. Nusu ya eneo isie sasa, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Ung'oe ukiwa mchanga, wiki ya nne au ya tano, usingoje ukomae uanze tena hadithi ya maua. Vivyo hivyo sukuma wiki, wekea ukingo wa udongo kuzunguka kila mistari miwili maji yasikimbie. Mwagilia jioni, shinani.

Matandazo ya nyasi kavu yanasaidia sana, ila mchwa wa Dodoma watakuja kula, sikufichi. Weka membamba, upana wa kiganja mbali na shina, uyageuze kila wiki. Nimeona watu wakiweka matandazo mazito kwa furaha na mwezi wa pili wakakuta handaki.

Tuta la tatu ni matembele, na hili litakunywa maji ya suuza. Maji ya kwanza ya kuoshea vyombo, yenye mafuta na sabuni nzito, mwaga kwingine. Yale ya suuza ya mwisho, pamoja na ya kuoshea mboga na mchele, yamwage chini kwenye udongo. Ya kufulia kwa sabuni ya unga hapana, wala yenye dawa ya madoa. Ukiona udongo unaanza kuota ukungu mweupe kama magadi, simama wiki moja na utumie maji safi. Na hata tuta hili usilivushe lote. Bakiza robo karibu na mlango wa jiko.

Hofu ya kukosa marando, yaani vipande vya mashina ya matembele vya kupandia, Desemba ondoa, kuna njia. Chimbua viazi vyenyewe, chagua vidogo na vya wastani visivyo na tundu hata moja la fukusi, vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu uliopoa, visigusane, vifunike mchanga, beseni likae ndani penye ubaridi ambapo kuku na panya hawafiki. Kila mwezi vikague, kilichooza kitoe. Katikati ya Oktoba vipande kwenye kipande kidogo cha ardhi, vimwagilie. Baada ya wiki sita hadi nane utakuwa na marando ya kukata, na mvua nayo itakuwa mlangoni.

Maboga yaache mpaka kikonyo kikauke na ukucha usipenye ganda. Yakate na kikonyo chake, yapange sebuleni chini ya meza.

Mbuzi wa jirani waingie baada ya nyanya kutoka, baada ya mbegu za mchicha kuvunwa, na baada ya sukuma wiki kuzungushiwa miiba. Hiyo ni Julai. Mbuzi aliyefunguliwa leo atakula vitambaa vyekundu na mashina yake, na hapo hakuna bwana shamba atakayekusaidia na mama mkwe.

Halafu mpe ile chupa. Mpe mbili. Ya mchicha iwe ndogo, ya kioo, mbegu zikiwa kavu kabisa. Ya kunde iwe ya soda au ya maji, ioshwe, igeuzwe mdomo chini siku mbili ikauke, ijazwe kunde kavu mpaka juu pasibaki nafasi ya hewa, kizibo kikazwe, na asifungue mtu kuchungulia mpaka Desemba. Wadudu walioingia na mbegu kutoka shambani watakosa pumzi humo. Iliyokuwa na mafuta ya taa usimpe.